Friday the 13th ya 1980: inachonivutia na inachoniudhi

Mkuu umeuliza hii muvi ya kutisha ya Friday the 13th, ile ya kwanza, ina nini hasa mpaka watu bado wanaitaja, maana umeangalia ukaona vijana wa kambini wanauawa mmoja mmoja basi, na Jason mwenyewe, yule muuaji maarufu wa hizi muvi, hujamuona akiua mtu. Nakujibu kirefu kwa sababu ni muvi naipenda sana na ina vitu vinaniudhi kila nikiirudia. Kuna spoila humu, ambaye hajaiona aishie hapa.

Tuanze na hela. Mwongozaji Sean Cunningham aliitengeneza kwa kama dola 550,000 hivi, wakashuti 1979 kwenye kambi ya kweli ya maskauti huko New Jersey, na tangazo lake lilishatoka kwenye gazeti la filamu la Variety kabla hata skripti haijakamilika, walikuwa na jina tu. Mei 1980 kampuni ya Paramount wakaitoa, kule kwao Marekani peke yake ikaingiza karibu dola milioni 40. Sasa watu wakisikia bajeti ndogo wanasamehe kila kitu au wanaponda kila kitu, mi nakataa zote mbili. Humu kuna vitu vimekuwa vizuri kwa sababu hela haikuwepo, na kuna vibovu ambavyo hata ungewapa hela ya serikali vingebaki vilevile.

Nimeshashika taa kwenye muvi kadhaa za mtaani hapa Dar, zile za kushuti usiku kucha kwenye nyumba ya kuazima, kwa hiyo kazi ya Tom Savini, fundi wa majeraha na damu bandia, naiangalia kwa jicho tofauti. Ile sini ya mwigizaji Kevin Bacon kajilaza kitandani, mkono unatoka uvunguni unamshika kichwa, mara ncha ya mshale inatokea kooni. Kichwa ni chake kweli ila shingo na kifua ni bandia, mwili wake wote uko chini ya kitanda, na hukohuko chini kajibana Savini na msaidizi wake Taso Stavrakis. Mpira wa kupitishia damu bandia ukachomoka kwenye pampu wakati kamera inazunguka, Stavrakis akaudaka akaanza kuupuliza kwa mdomo, ndo maana ile damu inabubujika vile kama pumzi ya mtu anayekufa. Ukishawahi kufanya kazi kwenye seti ambayo kitu kikiharibika hamna cha pili unaelewa kwa nini mi kile kipande nakiheshimu, hakuna kompyuta pale, ni mikono na mapafu ya watu.

Af kamera. Muuaji hatumuoni sura karibu muvi nzima, tunaona kwa macho yake, tunaona viatu, tunaona mkono, basi. Hiyo ni njia ya bei rahisi kupita zote, huhitaji mwigizaji wala mekapu, unamchukua mtu na kamera anatembea msituni. Lakini muziki wa Harry Manfredini ndo unaipa nguvu. Jamaa alijiwekea sheria, muziki unalia pale tu muuaji yupo, kama ni vijana wanatishana wenyewe kwa wenyewe hapigi kitu. Baada ya muda sikio lako linajua kabla ya macho. Na ule mnong'ono wa ki ki ki ma ma ma kaukata kutoka kwenye yale maneno ya Mama Voorhees, muuaji mwenyewe, anapojisemesha kwa sauti ya mwanae Jason, "kill her, mommy", yani muue huyo, mama, kwa hiyo jibu tulikuwa tunalisikia tangu mwanzo.

Kingine ninachokisifia ni Annie. Ukitoa yale mauaji ya zamani ya mwanzoni kabisa, muvi inaanza naye, kabeba begi, mchangamfu, anaomba lifti kwenda kambini kuwa mpishi, wote tumeshaamua huyu ndo stelingi na tumekuzwa tukijua stelingi hafi. Anachinjwa kabla hata hajafika. Kuanzia hapo huna pa kushika, yeyote anaweza kwenda.

Sasa yanayoniudhi. Kubwa ni hili la muuaji kuwa ni mtu ambaye hatujawahi kumuona. Mama Voorhees anatokea muvi ikiwa imebaki robo hivi, kashavaa sweta lake, anamkumbatia Alice, yule msichana aliyebaki hai, anaanza kusimulia mwanae Jason alivyozama ziwani. Mtoto aliyezama katajwa mara moja mwanzoni na yule dereva wa lori, mama yake hajatajwa popote. Halafu Steve mwenye kambi kabla hajauawa anamulikwa tochi na anamsalimia muuaji kama mtu anayemfahamu, yani muvi inakuchokoza ukisie ni nani wakati anayetakiwa kukisiwa hayumo! Na dawa yake isingegharimu hata senti. Annie anaingia pale mgahawani kuulizia njia, wateja wapo wamekaa, mweke yule mama pembeni na kikombe chake cha kahawa, ainue macho akisikia jina la kambi, kisha ukate sini. Hiyo tu. Hili hela haihusiki, ni mtu kutoirudia skripti yake akaisoma kama mtazamaji.

Kinachookoa ni Betsy Palmer, aliyeigiza Mama Voorhees. Mama wa watu hakuwahi kuficha kwamba kazi aliichukua kwa sababu alihitaji gari jipya, na skripti aliiona takataka, lakini mwangalie anavyobadilisha sauti kutoka mama mwenye majonzi mpaka mtoto anayeagiza watu wauawe, hafanyi kazi ya kulipua hata kidogo. Mhakiki Gene Siskel aliichukia hii muvi mpaka akaandika makusudi muuaji ni nani ili watu wasiende. Wakaenda.

La pili ni vijana wenyewe. Ukiniuliza Brenda ni mtu wa namna gani sina cha kukwambia, Bill naye ana gitaa basi. Marcie peke yake kapewa dakika moja, anamsimulia mpenzi wake ndoto ya mvua inayogeuka damu, mtu katulia, anaongea kama mtu, na ndo maana kifo chake kule bafuni kinauma kuliko vingine. Dakika kama hiyo wangempa kila mmoja tungekuwa tunaongea habari nyingine hapa.

Na yule nyoka. Wanamkuta chumbani kwa Alice wanamkata kwa panga, na pale hakuna ufundi wa Savini, ni nyoka wa kweli kauawa mbele ya kamera. Hilo sitetei.

Kuhusu Jason, kwenye hii ya kwanza ni yule mtoto anayeruka kutoka ziwani mwishoni tu, pale muziki umeshakuwa mtamu kabisa unadhani majina yanakuja. Kuua anaanza ya pili, 1981, akiwa kajifunika gunia kichwani, na barakoa ya hoki anaivaa kwenye ya tatu ya 1982. Kama ulikuwa unamtafuta huyo anza na ya pili, ila hii irudie usiku ukiwa na spika nzuri, umsikilize Manfredini.