Kondomu imepasuka? Mkuu, usingoje Jumatatu

Mkuu, weka simu chini uende hospitali. Sasa hivi, hata chai usinywe. Umeandika kwamba kondomu imepasuka jana usiku, mwenzako anakuapia yuko salama, na unataka mngoje Jumatatu mkapime wote wawili kwanza. Nilipofika kwenye "Jumatatu" mwili ulinisisimka, maana ndiyo iliyoniponza.

Yangu ilipasuka Ijumaa, kama saa tano usiku. Jumamosi asubuhi nikaenda duka la dawa mtaani. Muuzaji kavaa koti jeupe, anaongea kwa kujiamini, akaniuzia antibayotiki "za kusafisha" na kuniambia nitulie, nipime baada ya miezi mitatu. Neno PEP, yaani dawa ya kuzuia VVU baada ya tukio kama hilo, hakulitamka kabisa. Antibayotiki inaua bakteria, VVU ni virusi, na mtu anashinda katikati ya dawa kutwa nzima hajui hilo? Mpaka leo nikipita pale nageuza uso. Kama hujui, sema hujui, mwelekeze mwenzio hospitali!

Jumapili mchana rafiki yangu muuguzi akanishtua: dawa ya kuzuia ipo, ila uianze ndani ya saa 72, na kadiri unavyochelewa ndivyo inavyopungua nguvu. Nikakimbilia kituo cha afya. Mhudumu wa mapokezi hata macho hakuinua: "CTC wikiendi hawapo, njoo Jumatatu." CTC ndiyo kliniki ya VVU. Nikageuka, nikaondoka. Hapo ndipo nilipojimaliza. Sikumuulizia daktari wa zamu. Sikwenda hospitali ya wilaya. Foleni nzima ilikuwa inasikiliza, nikaona aibu kueleza shida yangu. Jumatatu ikawa sikukuu, kumefungwa. Jumanne saa mbili asubuhi niko mlangoni nahesabu kwa vidole: saa 81. Daktari alisikitika kweli. Akaniambia wagonjwa wa dharura wanapokelewa usiku na mchana, na ile Jumapili ningeanzishiwa dozi hospitali ya wilaya bila kungoja CTC ifunguliwe. Kipimo cha siku hiyo kilikuwa safi. Cha wiki ya sita hakikuwa.

Dawa yenyewe niliyoikosa ni kidonge kimoja kwa siku, siku 28. Kidonge hichohicho sasa nakimeza kila usiku, na nitakimeza maisha yangu yote. Niko vizuri, virusi vimefubazwa, nafanya kazi zangu. Ila kila nikifungua kile kichupa namsikia yule wa mapokezi.

Leo ni Jumamosi, kwa hiyo usipoteze nauli kwenda CTC. Nenda dharura, hospitali ya wilaya au ya mkoa, muombe daktari wa zamu, itaje PEP kwa jina. Watakupima, lakini ni kujua hali yako ya nyuma tu; kipimo cha leo hakiwezi kuona kilichoingia jana. Mwenzako naye apime, sawa, ila wewe uwe umeshameza. Huenda aliambukizwa wiki iliyopita tu na kipimo kisione. Akikutwa hana, daktari ndiye atakayesema uache au uendelee.

Na ukiambiwa njoo kesho, usitoke. Kaa hapohapo kwenye benchi, muulizie mkubwa wake, na mkubwa wa mkubwa wake. Niandikie ukishameza cha kwanza.