Maswali ya Wasomaji: Daftari la Mieleka, Koti la Shule na Sikio Lililovimba

Barua za safari hii zinatoka kwa watu waliocheza mieleka wakiwa sekondari, ambao leo wana watoto wenye maswali. Tunazungumzia mieleka ya mkeka, ile ya shule na Olimpiki, si ile ya runinga ambayo matokeo yake hupangwa kabla.

SWALI: Nilisoma sekondari Marekani, jimbo la Iowa, mwaka 1993 hadi 1997, nikacheza misimu minne. Nilianza uzito wa pauni 145, nikamalizia 152. Ninalo daftari la matokeo yangu yote: kushinda 61, kushindwa 34. Binti zangu wanauliza, mtu aliyeshindwa mara 34 alikuwa mchezaji kweli? Nami nimesahau maana ya alama nyingine: F 3:12, Dec 7-4, MD 12-3, TF 17-2, FF. Nisaidieni kulisoma. (Baba wa mabinti wawili, Kisasa, Dodoma)

JIBU: Daftari lako linasema mengi kuliko 61 na 34. Anza na alama. Pambano la sekondari za huko lina vipindi 3 vya dakika 2 kila kimoja. F ni kubana mabega: mabega yote mawili ya mpinzani yaligusa mkeka kwa sekunde 2 mfululizo, pambano likaishia hapo hapo. Namba inayofuata ni muda, kwa hiyo F 3:12 ni kipindi cha pili, dakika 1 na sekunde 12 tangu kianze. Dec ni ushindi wa pointi wenye tofauti isiyofika 8. MD ni tofauti ya 8 hadi 14. TF ni tofauti iliyofika 15, na mwamuzi husimamisha pambano. FF maana yake mpinzani hakuletwa. Ushindi huo ni halali, ila ukiwasimulia mabinti uutaje kando.

Sasa pointi zenyewe. Enzi zako kumwangusha mtu kutoka wima na kumdhibiti kulikuwa na pointi 2. Aliye chini akichomoka akasimama huru alipata 1, na akigeuza yeye akawa juu alipata 2. Kumwelekeza mgongo chini bila kumbana kabisa kulitoa 2 au 3, kutegemea sekunde ulizomshikilia. Ile Dec 7-4 basi inaweza kuwa uliangusha mara mbili, ukageuza mara moja na kuchomoka mara moja: 4 na 2 na 1. Tahadhari moja: tangu msimu wa 2024 na 2025 kuangusha kumepandishwa hadi pointi 3 katika kanuni za sekondari za Marekani. Usiweke matokeo yako karibu na ya kijana wa leo ukadhani mnapimwa kwa kipimo kimoja.

Sehemu inayosahaulika zaidi ni timu. Shule mbili zinapokutana, kila pambano huingiza pointi kwenye hesabu ya timu: F ni 6, TF ni 5, MD ni 4, Dec ni 3. Chukua penseli upitie yale mapambano 34 uliyopoteza. Uliposhindwa Dec 2-6, timu pinzani ilipata 3 badala ya 6. Kama ulikuwa umelala chini kipindi chote cha tatu, mtu mzito zaidi yako akikukandamiza, nawe hukukubali mabega yaguse, uliiokolea shule yako pointi 3, na kuna jioni nyingi ambazo timu hushinda au kushindwa kwa pointi hizo tu. Kocha anayejua kazi yake hulitambua hilo na humpokea mchezaji huyo pembeni kama aliyeshinda. Hii ndiyo kazi ambayo namba 34 inaificha, na sisi tunaona ndiyo ya kujivunia kuliko ushindi mwepesi wa dakika moja.

Kisha ligawe daftari kwa misimu. Mwaka wa kwanza karibu kila mtu hupigwa mweleka na wakubwa wake. Tafuta jina linalojirudia: mpinzani aliyekubana F mwaka 1994, akakushinda Dec mwaka 1996, ukamshinda mwaka 1997. Mstari huo mmoja utawaeleza binti zako zaidi ya medali. Andika ukurasa mmoja kwa kila msimu: uzito, kushinda na kushindwa, mangapi yalikuwa F, na mbinu iliyokupa pointi nyingi. Usiongeze chumvi, namba zako zinatosha. Na kama bado wana shaka juu ya kushindwa, waambie habari za Dan Gable wa hapo hapo Iowa. Sekondari na chuo alishinda mara 181, akapoteza pambano moja tu, la mwisho la chuo, mwaka 1970. Mwaka 1972 alichukua dhahabu ya Olimpiki mjini Munich bila kuruhusu pointi hata moja.

SWALI: Nina koti la shule la sufu lenye mikono ya ngozi, medali zimebandikwa kifuani, na kanda mbili za video za mapambano yangu. Koti limeanza matundu. Kanda nikiiweka kwenye deki picha inaruka na haina rangi. Je, zimeharibika? (Mkazi wa Ipagala)

JIBU: Kanda huenda ni nzima. Kanda za Marekani zilirekodiwa kwa mfumo wa picha uitwao NTSC, na deki nyingi zilizouzwa kwetu ni za mfumo mwingine, PAL. Tafuta fundi mwenye deki inayosoma mifumo yote miwili. Kabla ya hapo vunja kile kidude kidogo cha plastiki kwenye ukingo wa kanda, ili mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya. Chungulia kwenye kidirisha: ukiona unga mweupe kwenye mkanda, huo ni ukungu, na usiiweke kwenye deki kwa sababu utachafua kichwa cha kusomea na mkanda unaweza kukatika. Ikisafishwa, irekodiwe kwenye kompyuta, nakala mbili, moja ikae nyumba nyingine. Kanda yenyewe itunzwe wima, mbali na spika.

Koti: matundu ni ya viwavi wa nondo wanaokula sufu, hasa palipo na jasho la zamani. Toa medali zote kwanza, maana uzito wake huvuta kitambaa na pini zake hupata kutu. Lipige brashi laini nje, kwenye mishono na chini ya kola, ambako mayai hujificha. Lifunge kwenye shuka safi la pamba, si mfuko wa nailoni. Kuanzia Desemba hadi Aprili unyevu ukinaswa ndani huleta ukungu. Ngozi ya mikono hukauka na kupasuka kwa ukavu wa Dodoma, hivyo paka mafuta ya ngozi kidogo sana mara moja kwa mwaka. Mafuta ya kupikia huchacha na kuita wadudu. Vidonge vya nafthalini hatuvipendekezi katika nyumba yenye watoto wadogo: wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali iliyo ya kawaida sehemu zenye malaria, wanaweza kuvunjikiwa na chembe nyekundu za damu.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa michezo, na nilicheza mieleka nikiwa kijana. Wanafunzi wanaomba niwafundishe. Hatuna fedha za mkeka wa kununua. Nifanyeje? (Mwalimu, Bahi)

JIBU: Mkeka wa vumbi la mbao ni wa zamani na unafaa, mradi ujengwe kwa uangalifu. Mkeka wa mashindano ya kimataifa una duara la kipenyo cha mita 9, lakini kwa mazoezi mita 6 kwa 6 hutosha jozi mbili kwa pambano la kweli, au nne kwa kurudia mbinu taratibu.

Chagua darasa tupu au banda lenye paa. Sawazisha chini, ondoa kila jiwe, tandika nailoni nzito. Nailoni hiyo ni ya kuzuia unyevu na pia mchwa, na katika ardhi yetu mchwa watalimaliza vumbi la mbao kabla ya muhula kwisha kama utaisahau. Zungushia mbao za kimo cha sentimita 15. Jaza vumbi la mbao lililochanganywa na maranda kidogo, tabaka la sentimita 5 kwa wakati mmoja, kila tabaka likanyagwe na wanafunzi kabla ya linalofuata. Ujazo wa mwisho ni mita za ujazo 5.4, lakini vumbi hushuka kama theluthi moja likikanyagwa, kwa hiyo kusanya kama mita 8: magunia 55 hadi 60 ya yale yanayobeba kilo 100 za mahindi. Pitisha sumaku kwenye kila gunia. Msumari mmoja wa kiwandani unatosha kuharibu goti la mtoto.

Bahi kuna pumba za mpunga tele, na utashawishika. Pumba peke yake hazishikani: zinakimbilia pembeni, katikati panabaki shimo, na vumbi lake linawasha macho. Zitumie kujaza viroba vya kuegemeza kwenye kingo za mbao, hapo zinafaa sana.

Juu ya vumbi tandika viroba vilivyoshonwa pamoja, kisha turubai la lori la mita 8 kwa 8, livutwe kwa kamba kwenye vigingi pande zote nne hadi lisiwe na mkunjo. Mkunjo hunasa kidole cha mguu. Turubai la kitambaa kitupu hunywa jasho. Lile lenye plastiki hufutika. Pima hivi: simama, jiachie upige magoti. Ukihisi ardhi, ongeza. Ukisimama na kisigino kikazama zaidi ya sentimita 2, ni laini mno, na goti litajipinda wakati mguu umenasa. Magodoro ya kulalia yana kasoro hiyo hiyo.

Mwezi wa kwanza usirushe mtu. Fundisha kusimama: miguu upana wa mabega, mmoja mbele kidogo, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka, viwiko vimebana mbavu, kichwa juu. Kisha kuanguka: kidevu kifuani, mikono isinyooshwe nyuma, kwa sababu mkono ulionyooka ndio huvunjika kifundo au kutegua kiwiko. Kisha kushika mguu mmoja: shusha makalio kwanza, goti la mbele lipite katikati ya miguu yake, sikio libane ubavu wake, mikono ifungwe nyuma ya goti lake. Kosa la wote ni kuinama kiuno badala ya kushusha makalio, na hapo kichwa kinabaki kinaning'inia tayari kwa kabali. Kinga yake ni kutupa miguu nyuma na kumlalia mgongoni kwa nyonga.

Kila jioni futa turubai kwa jiki. Ile ya asilimia 3.5, vijiko 3 vya chai kwa lita moja ya maji, iache dakika 10, kisha ifute. Viatu vya nje visipande, kucha zikatwe, na kila mtoto akaguliwe ngozi mlangoni. Mwenye choa akae pembeni hadi apate dawa kwa siku 3 angalau na kidonda kifunikwe; mwenye mapunye kichwani anahitaji dawa ya kumeza, na mapumziko ya wiki 2.

SWALI: Mume wangu ana sikio lililokakamaa tangu alipokuwa mwanamieleka, na analionea fahari. Juzi mtoto wetu wa miaka 14 aligongwa sikio mazoezini, limejaa na ni laini. Baba yake anasema aliache, litakuwa kama lake. (Mama, Mpwapwa)

JIBU: Mpeleke hospitali leo, kwa daktari wa masikio, pua na koo akipatikana. Damu imejikusanya kati ya gegedu, ile sehemu ngumu inayolipa sikio umbo, na utando unaoilisha. Gegedu haina mishipa yake ya damu; ikitenganishwa na utando inakufa, na kovu linajaa mahali pake. Ikitolewa katika siku chache za mwanzo na kubanwa kwa bandeji au nyuzi hadi wiki moja, sikio hurudi umbo lake. Msitoboe kwa sindano nyumbani, maana gegedu ikipata usaha ni maradhi makubwa. Sikio la baba ni kovu lililokwisha poa, halihitaji chochote kama tundu halijaziba na anasikia vizuri. Ana haki ya kulionea fahari. Wakati wake huenda hakuna aliyemweleza, mtoto ameelezwa.

SWALI: Nimekuwa nikimsimulia kijana wangu jinsi tulivyokimbia tukiwa tumevaa mifuko ya nailoni ili kupunguza uzito. Sasa yuko masomoni Ohio, ana pauni 139, anataka kushuka hadi 126 kwa wiki 3, na ananitaja mimi kama mfano. (Baba, Kondoa)

JIBU: Mpigie simu, umwambie sehemu hiyo ya simulizi asiifuate. Mwishoni mwa 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walifariki katika muda wa wiki chache wakijikausha maji namna hiyo, na kanuni zikabadilishwa. Leo mwanafunzi wa sekondari haruhusiwi kupunguza zaidi ya asilimia 1.5 ya uzito kwa wiki, na mvulana hashushwi chini ya asilimia 7 ya mafuta mwilini. Kwake ni pauni 2 kwa wiki. Wiki 3 zinamfikisha kama 133. Ile 126 inahitaji karibu wiki 7, tena ikiwa vipimo vya mwanzo wa msimu vinamruhusu kufika huko. Mavazi ya nailoni na vyumba vya mvuke kwa ajili ya kupunguza uzito vimepigwa marufuku, na kabla ya kupimwa mafuta mkojo wake hukaguliwa kuona kama ana maji ya kutosha. Mwulize kocha wake namba iliyoandikwa kwenye mpango wake wa uzito, kisha msaidie kupanga chakula kulingana na namba hiyo.