Vipepeo wa mapumziko ya mchana

Kama una ajira na unapenda vipepeo, usiweke tumaini lote kwenye Jumamosi ya kwenda Kitulo. Kitulo ni pazuri mno. Watu hawakupaita Bustani ya Mungu bure, na tangu 2005 ni hifadhi ya taifa. Lakini kule juu, penye mita 2,600 na zaidi, ukungu na upepo vinaweza kukukalia siku nzima, na nauli umeshalipa. Mimi vipepeo nimevijulia hapa hapa Mbeya mjini, saa saba mchana, wenzangu wakiwa kwa mama lishe.

Siri ni jua. Misuli ya mabawa ya kipepeo hufanya kazi vizuri ikishapata joto la karibu nyuzi 30, na joto hilo hulipata kwa kuota jua. Asubuhi za Mbeya unazijua. Saa mbili, unapokwenda kazini, tazama kuta na majani yanayoelekea mashariki. Ukimkuta ametandaza mabawa, bado ana baridi, kwa hiyo sogea taratibu umtazame vizuri. Kuanzia saa nne mpaka saa nane ndipo wanaporuka kwelikweli. Ukisubiri kutoka kazini saa kumi na moja, wengi wameshatafuta pa kulala.

Mvua za Novemba na Desemba zikichipusha majani, wanaanza kuonekana. Ila kwangu mimi miezi bora ni Machi mpaka Mei, mvua inapopungua na vichaka vikiwa vimejaa maua. Chagua mahali pamoja karibu na kazini pasipopigwa na upepo, upazoee. Mimi hupenda njia za chini ya mlima Loleza. Aliye Mwanjelwa anaweza kutosheka na ua wa lantana au alizeti mwitu kando ya barabara. Na usidharau tope: mvua ikinyesha jana na leo jua likawaka, vipepeo hukusanyika kwenye udongo wenye unyevu kufyonza chumvichumvi. Wengi wao ni madume, na chumvi hiyo huipitisha kwa jike wakati wa kujamiiana.

Kama kuna mlimau au mchungwa uani kwenu, una darasa tayari. Kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano, Papilio demodocus, hutaga hapo, yai moja moja, kwenye majani machanga. Kiwavi chake kikiwa kidogo kina rangi ya kahawia na nyeupe, ungedhani ni kinyesi cha ndege, na ndege wenyewe hudanganyika hivyo hivyo. Kikikua kinageuka kijani. Kiguse kidogo nyuma ya kichwa: kitachomoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Nakuomba sana, usikimbilie kupuliza dawa. Mlimau mkubwa haufi kwa viwavi wachache, na watoto wa nyumba hiyo watajifunza mengi hapo.

Mwingine wa kumtafuta ni Precis octavia. Wa msimu wa mvua ana rangi ya chungwa iliyokolea, na wa kiangazi ni wa bluu yenye msururu wa madoa mekundu. Ukiwaweka pamoja utaapa ni ndugu wa mbali, kumbe ni aina ile ile, joto alilokulia akiwa kiwavi na bundo (hatua ya mwisho kabla ya kuwa kipepeo) ndilo linaloamua rangi. Ndiyo maana nasisitiza kurudi mahali pale pale mwaka mzima.

Kwa yule wa chungwa mwenye ncha nyeusi zenye madoa meupe, anayeruka polepole bila hofu, kuwa makini. Huenda ni Danaus chrysippus, ambaye ndege humkwepa kwa sumu aliyoitoa kwenye mimea aliyokula akiwa kiwavi. Huenda pia ni jike la Hypolimnas misippus, asiye na sumu hiyo ila amevaa sare ile ile. Angalia bawa la nyuma: Danaus ana madoa meusi matatu au manne katikati, misippus kwa kawaida ana moja tu ukingoni.

Simu inatosha, wavu hauhitajiki. Inama, nenda kwa upande ambao kivuli chako hakitamwangukia, na piga picha tangu ukiwa mbali, kisha hatua kwa hatua. Pata mabawa yakiwa wazi na yakiwa yamefumbwa, kwa sababu aina nyingi hutofautishwa kwa upande wa chini.