Nyama Iliyochinjwa na Mayahudi, na Glasi ya Ijumaa Jioni

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Marekani, kazi yangu ni kumtunza mzee wa Kiyahudi nyumbani kwake. Nyama yao ni ya kosher, yaani iliyoandaliwa kwa sheria ya dini yao, na hunikaribisha mezani. Nilikuwa nakula, mpaka mwenzangu aliponitumia sauti ya ustadhi anayesema Mayahudi wa leo si Ahlul Kitab (watu waliopewa Kitabu) tena kwa yanayotendeka Palestina, na nyama yao ni haramu. Sasa nashinda na chai zamu nzima ya saa kumi na mbili. Pia Ijumaa jioni mzee huniomba nimmiminie mvinyo wa ibada yao. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam. Binti yangu, hiyo chai ya mchana kutwa imeniuma. Kula. Nyama hiyo ni halali, na kwa uliyokwisha kula huna la kutubia.

Aya unaijua, Al-Maida 5, isemayo chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwetu, na sahaba Ibn Abbas amekwisha kutueleza kuwa "chakula chao" hapo ni vichinjo vyao. Mwenye haja ya kujibiwa ni huyo ustadhi. Sura hiyo hiyo, aya ya 13, inawalaumu Wana wa Israeli kwa kuvunja ahadi, lawama nzito, na ndani yake chakula chao kikahalalishwa. Je, Mola hakuwajua? Mwaka wa 7 Hijria, vita vya Khaybar vikiwa vimepamba moto, ulirushwa mfuko wa shahamu kutoka upande wa Mayahudi. Sahaba Abdullah bin Mughaffal akaukumbatia, akasema leo hampi mtu hata kidogo. Kugeuka, Mtume (s.a.w.) huyo, anatabasamu. Hakumwambia atupe. Kama vita havikuharamisha shahamu ya Khaybar, ustadhi huyu ameipata wapi hukumu yake? Ya Gaza yanatutoa machozi sote, na dua hazijafungwa. Lakini kusema "hii haramu" kwa hasira ni kumzulia Mwenyezi Mungu uongo, na An-Nahl 116 imetukataza kwa maneno makali.

Wapo pia wanaosema mchinjaji wao hamtaji Mungu kwa kila mnyama. Ni kweli, huleta dua moja mwanzoni, kisha huchinja wengi mfululizo. Sisi watu wa pwani ni Mashafi'i, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi'i, na kwetu bismillahi ya kuchinja ni sunna. Hata asiyekuwa Shafi'i asome hadithi ya Bibi Aisha: watu waliletewa nyama wasijue kama imesomewa, Mtume akawaambia wapige bismillahi wenyewe, wale. Na mchinjaji huyo, kabla ya kuchinja, hupitisha makali ya kisu kwenye ukucha wake kutafuta pengo. Akihisi pengo dogo tu, kisu hicho hakichinji. Mtume alituamuru kunoa visu. Natamani machinjio yetu yote yangeshika amri hiyo hivyo.

Jambo moja uwe nalo macho: kosher si halali kwa kila kitu. Mvinyo kwao unaruhusiwa, hivyo mchuzi au keki huenda vikawa nao. Uliza kwanza.

Glasi ya Ijumaa usiimimine, kwani mwenye kunywesha pombe ametajwa katika waliolaaniwa. Lakini usigombane na mzee kwa hilo. Katika sheria yao wenyewe, mvinyo usiopikwa ukimiminwa na asiyekuwa Myahudi, washika dini hawaunywi, na juisi ya zabibu inatosha kwa ibada hiyo. Zungumza na watu wake mchana, kabla ya Ijumaa, uwaombe chupa ya juisi. Nadhani watafurahi kuwa umewaambia.

Na jikoni kwao, sufuria ya nyama usiitie maziwa, kwani dini yao inakataza kuvichanganya, hata mzee akiwa amelala na hakuna anayekuona. Ni amana uliyopewa. Wallahu a'lam.