Vayoleti ya Usambara inalegea na udongo umelowa: tatizo liko wapi?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nina vayoleti niliyoinunua Dar es Salaam ikiwa imejaa maua ya waridi. Tangu niilete nyumbani haijachanua tena. Majani yametoka madoa meupe ya duara, na sasa yale ya chini yanalegea na kulala ingawa udongo umelowa. Huimwagilia kila asubuhi. Jirani kaniambia asili yake ni Usambara, kwa hiyo niipe udongo wa huko, au nichimbe kabisa mche wa porini nikienda Lushoto kwa shemeji mwezi ujao. Nifanyeje? – Msomaji, Dodoma.

JIBU: Dada yangu, kwanza acha kumwagilia kuanzia leo. Majani yakilegea wakati udongo umelowa, karibu kila mara mizizi imeoza. Haivuti tena maji, na kila unachoongeza kinazidisha uozo.

Hakikisha kwa macho. Geuza chungu, shika mmea kwa vidole pale majani yanapokutana, gonga kitako taratibu mpaka bonge la udongo litoke. Mizizi hai ya vayoleti ni myembamba na ina weupe wa maziwa. Iliyooza ni ya kahawia, inateleza, ukiivuta ganda lake linatoka na kubaki kiuzi. Kata shina kwa kisu kikali kisafi, kipande baada ya kipande kuelekea juu, mpaka ufike mahali ambapo nyama yake ni ya kijani kibichi yote, haina hata nukta ya kahawia katikati. Ukifika hapo, shina hilo fupi na majani machache ya ndani unaweza kulipanda upya, na litatoa mizizi. Ukahawia ukiwa umefika hadi kwenye moyo wa mmea, usihangaike nao. Okoa majani mazima, nitakueleza chini.

Madoa meupe ni jambo jingine, wala si ugonjwa. Jani la vayoleti lenye joto likiguswa na maji yaliyo baridi kuliko lenyewe kwa nyuzi nane hivi, chembe zilizo chini ya ngozi yake huharibika na kupoteza kijani. Asubuhi za Juni na Julai, maji ya tangi huko kwenu ni ya baridi hasa. Doa likishatoka halifutiki, ila jani linaendelea kufanya kazi, usilikate kwa sababu hiyo tu.

Sasa nije kwa jirani yako. Ni kweli, asili ya mmea huu ni kwetu: aina zote za porini zinapatikana Tanzania na kusini mashariki mwa Kenya tu, kuanzia miamba ya chokaa karibu na pwani ya Tanga na Kilifi hadi misitu ya milima ya Usambara, Nguru, Uluguru na Taita. Lakini tazama inavyoota huko. Huko Amani, kwenye milima ya Usambara, kwa mfano, utaikuta ubavuni mwa jiwe, kwenye kivuli cha msitu, mizizi imejishikiza katika ufa wenye mboji kidogo na kuvumwani. Mvua inanyesha sana, ila maji hayasimami: yanateremka, na hewa inabaki na unyevu. Huo ndio utaratibu wa kuiga nyumbani, na udongo wa Usambara hautakupa. Udongo mwekundu wa Lushoto ukiujaza kwenye chungu kidogo cha plastiki utashikamana na kubana maji kuliko huo ulio nao.

Tena hiyo yako yenye maua ya waridi haijawahi kuona msitu. Mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani wa huku Tanga, alikusanya vayoleti ya porini na kuituma kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akaipa jina la kisayansi la Saintpaulia ionantha. Miaka ya 1920 kitalu cha Armacost na Royston huko Los Angeles kilipanda mbegu zilizotoka Ulaya na kuchagua miche bora, na biashara kubwa ikaanzia hapo. Waridi, weupe, petali zilizojikunja: vyote ni kazi ya vitalu. Za porini kwa kawaida ni za buluu au zambarau. Na usishangae kuona kibandiko kimeandikwa Streptocarpus, kwani tangu 2015 wanabotania wameiingiza katika jenasi hiyo, yaani kundi la mimea yenye undugu wa karibu. Matunzo hayabadiliki.

Kwa hiyo mche wa porini, tafadhali dada, usiuchimbe. Kuna aina ambazo makazi yake yote ni kilima kimoja, au miamba michache tu. Ile ya Taita iko kilima cha Mbololo, Kenya. Miti ya juu ikikatwa, jua linaingia na mimea inaungua ikiwa palepale kwenye jiwe lake. Kila mche unaoondolewa unapunguza mbegu za mahali hapo, na aina nyingine haiwezi kuzirudisha. Kuchukua mimea kwenye hifadhi ya msitu bila kibali pia ni kosa kisheria. Na hata ukiupata, mche uliozoea ukungu wa msituni una nafasi ndogo sana ya kuishi Dodoma sebuleni. Linaniuma jambo hili, kwa sababu dunia nzima inauza ua letu na sisi wenyewe tunaling'oa.

Udongo wa kupandia uwe mwepesi: sehemu mbili za kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi, uliosuuzwa vizuri, sehemu moja ya mchanga mnene au mawe mepesi ya volkano yaliyosagwa, na nusu sehemu ya mboji ya majani iliyoiva na kuchekechwa. Ukiufinyanga kiganjani na kuachia, uachane wenyewe. Chungu kiwe kidogo, upana wake theluthi moja ya upana wa majani. Wengi hukosea hapa, wanaupa mmea chungu kikubwa wakidhani wanauhurumia, kumbe udongo usiofikiwa na mizizi ndio unaobaki na maji.

Mwagilia kwa kuweka chungu ndani ya sahani yenye maji ya uvuguvugu, dakika 20 hadi 30, kisha mwaga yaliyobaki. Rudia pale tu udongo wa juu unapokuwa mkavu ukiugusa. Kama ukingo wa chungu una ukoko mweupe, maji yako yana chumvi. Tumia ya mvua au yaliyochujwa.

Kutochanua kunatokana zaidi na mwanga. Iweke dirisha la mashariki, ipate mwanga mwingi bila jua kali la mchana. Vikonyo virefu vinavyonyanyuka juu ni dalili ya giza. Majani yaliyojibana na kupauka ni dalili ya mwanga kupita kiasi. Mbolea, tumia NPK (nitrojeni, fosforasi na potasiamu) ya kuyeyusha yenye uwiano sawa, robo ya kipimo cha kwenye pakiti, kila wiki mbili, baada tu ya mizizi mipya kushika. Urea usiiguse, inaunguza mizizi hii.

Kuhusu majani ya kuokoa: chagua yale ya safu ya kati, si ya chini yaliyochoka wala machanga ya moyoni. Kata kikonyo mshazari, kibaki kama sentimita 3, kichomeke kwenye kokopiti na mchanga wenye unyevu tu, kisha funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, ukiifungua kidogo kila siku ipitishe hewa. Mizizi hutoka ndani ya mwezi. Vichipukizi utaviona vikisukuma udongo chini ya jani kuanzia wiki ya nane hivi. Viache mpaka majani yake yafike ukubwa wa sarafu, ndipo uvitenganishe, kila kimoja chungu chake. Maua ya kwanza yategemee miezi sita hadi tisa baada ya kupanda jani, na kwa kawaida yatakuwa ya waridi yaleyale.