Re: Jelikoti inajikunja kwenye kona za boti

Salama kaka. Umesema ukitoa boti ya faiba kwenye moldi (kalibu yake), jelikoti, ile resini ya rangi ya nje, imekunjana kama ngozi ya kenge, tena kwenye kona tu, pale bapa pako safi. Kwanza angalia unene. Mimi hapa Likoni nililaumu wax ya kupaka moldi isigandane na boti wiki nzima, kumbe brashi ilikuwa inaacha jelikoti nyembamba kwenye kona, na ikiwa nyembamba haiivi sawasawa, ukija na resini ya kulazia faiba, ile staireni, kemikali ya majimaji iliyo ndani yake, inapenya inaivimbisha ndo inakunjana hivo. Tafuta kile kigeji cha meno meno cha kupimia unene, kichomeke ikiwa bado mbichi, iwe milimita 0.5 hivi, ikishuka 0.4 ongeza. Katalisti, ile dawa ya kuivisha, nayo pima kwa mizani, usikisie na kifuniko cha chupa, mi natia gramu 15 kwa kilo ya jelikoti. Kabla ya kulaza mati ya faiba gusa jelikoti na kidole, inate lakini isiache rangi kidoleni. Alafu asubuhi za mvua mi huwa siipaki kabisa, moldi inatoa jasho. Hiyo iliyoharibika usiitupe, piga msasa mpaka pagumu upake tena, ila hiyo ya kurudia itie wax ya kuchanganya ndani ya jelikoti la sivyo itabaki inanata tu.