Mama anahofia muhula wa falsafa Uhispania

Mdogo wangu wa Wete, umepata muhula mmoja Córdoba kusoma falsafa na dini, na mama anahofia utarudi huna dini. Nenda. Ibn Rushd kazaliwa huko huko mwaka 1126, kadhi na mwanafalsafa kwa pamoja, aliyemjibu Ghazali, mwanazuoni aliyewapinga wanafalsafa, hoja kwa hoja. Mpeleke mama kwa maalim aliyekusomesha Kurani. Atamtuliza kuliko wewe. Darasani wakiuliza dalili ya kuwepo Mungu, usinune, wanataka hoja. Msikiti mkuu wa kule ni kanisa tangu 1236, kwa hiyo usitandike mswala mle, walinzi watakuzuia. Lakini kwanza chuo chako kikupe barua kwamba masomo yatahesabiwa, la sivyo utarudia muhula mzima. Na Kihispania anza leo.